Kutokota si kuiva: dhana potofu za moto, gesi na umeme majumbani Tanga

"Maharage yakichemka kwa fujo huiva upesi"

Hii ndiyo dhana inayokula mkaa mwingi kuliko zote, na inaaminika kwa sababu jicho linaiunga mkono. Sufuria inayorukaruka huonekana inafanya kazi kuliko iliyotulia. Lakini kinachoivisha maharage ni joto la maji, wala si vurugu ya mapovu. Hapa Tanga mjini, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na yakishafika hapo hayapandi tena hata ukijaza mkaa ukafurika jiko. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu.

Na mvuke ni ghali. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji takriban kilojouli 305. Kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojouli nyingine 2,257 hivi, zaidi ya mara saba. Chukua jiko linalofikisha robo tu ya joto lake kwenye sufuria, na mkaa wenye megajouli 30 kwa kilo: kila lita iliyopotelea hewani imekula gramu 300 za mkaa. Anayeongeza lita moja moja ya maji mara tatu kwenye makande yaleyale ameshachoma karibu kilo nzima kwa kutengeneza mawingu.

Kwa hiyo maji yakishachemka, funga kimlango cha hewa cha jiko, funika sufuria ukiacha upenyo mdogo (povu la maharage likikosa pa kutokea litamwagikia motoni), na ridhika na vipovu vinavyopanda pembeni. Joto la ndani ni lilelile.

Lushoto mambo yanabadilika kidogo. Mji upo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kanieneo la hewa ni dogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maharage yanachukua muda mrefu zaidi, na huko pia kuongeza moto hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni sufuria ya presha, ambayo kwa kuufungia mvuke ndani hulazimisha maji yapite nyuzi 110 kabla ya kuchemka.

Chumvi je? Wapo wanaoitia mapema ili maji yachemke haraka, kwa kuwa ukiitupia kwenye maji yaliyokaribia kuchemka yanafoka papo hapo. Kinachofoka ni mapovu yaliyopata chembe za kuanzia. Chumvi haijaongeza joto hata kidogo. Gramu 18 katika lita, kijiko kikubwa kimoja, hupandisha kiwango cha kuchemka kwa theluthi moja ya nyuzi. Weka kwa ajili ya ladha.

"Haya maharage mabaya, muuzaji katupiga"

Pengine kweli. Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu wa pwani hukakamaa, na hata uyaloweke usiku kucha hayalainiki vizuri. Lakini kabla ya kurudi sokoni kugombana, tazama maji. Sehemu kubwa ya ardhi ya kuzunguka Tanga ni mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayo. Maji ya kisima kwenye ardhi ya namna hiyo hubeba kalisi nyingi, na kalisi huifunga pektini, ile gundi inayoshika chembe za ganda la haragwe. Gundi ikifungwa, ganda halilainiki. Dalili ni nyeupe: ukoko unaoganda ndani ya birika, na sabuni isiyotoa povu.

Sasa, utajuaje ni maji au ni maharage? Pima, ila upimaji una adabu yake. Chukua maharage ya mfuko mmoja, gawa nusu kilo kwa nusu kilo, loweka kwa saa zilezile. Sufuria moja tia lita mbili za maji ya kisima, nyingine lita mbili za maji ya mvua. Vitu vingine vyote viwe sawa: sufuria za ukubwa mmoja, mifuniko, kiasi cha mkaa, na kila nusu kilo iloweshwe kwa maji yaleyale itakayopikiwa, maana anayeloweka kwa maji ya kisima na kuyapika kwa ya mvua ameshavuruga jibu. Baada ya saa moja na nusu toa punje kumi kila sufuria, umpe mtu ambaye hakuambiwa ipi ni ipi azibonye kwa vidole na kuhesabu zilizolainika. Kisha rudia siku nyingine ukibadilishana majiko, kwani huenda jiko moja linavuta hewa vizuri kuliko lenzake.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ya jikoni ni kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Mtu anatia magadi, na siku hiyohiyo amenunua maharage mapya, kisha anasifu magadi. Magadi kweli hulainisha, kwa kuwa maji yenye alikali huivunja ile pektini, japo huharibu pia vitamini B1. Ila jaribio lake halikuonyesha hivyo. Lingeonyesha vilevile kwamba maharage mapya ni laini.

"Mkaa hauna moshi, basi ni salama, na una nguvu kuliko kuni"

Kilo kwa kilo, mkaa una joto karibu mara mbili ya kuni kavu. Hapo hakuna ubishi. Hesabu inayosahaulika ni ya tanuri. Kilo kumi za kuni kavu zina megajouli 160 hivi. Katika tanuri la kawaida la kufukia kwa udongo, mchoma mkaa hodari hupata kilo mbili, yaani megajouli 60. Asiye hodari, au aliyefukia kuni mbichi, hupata kilo moja. Zaidi ya nusu ya nishati ya mti imeondoka na moshi huko porini, kabla gunia halijapakiwa kwenye pikipiki kuja Ngamiani. Jiko la mkaa hurudisha sehemu ya hasara hiyo kwa kuwa huwaka vizuri kuliko mafiga matatu, lakini halirudishi yote.

La usalama ni zito zaidi. Moshi unaouona ni masizi na lami. Gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na mkaa huitoa kwa wingi hasa unapokuwa mwekundu mzuri bila moshi wala ndimi, wakati ule ule watu wanaposema "sasa umekolea, uingizeni ndani". Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu; aliyelala hapati hata onyo hilo. Hatari ni kubwa zaidi milimani Usambara, miezi ya Juni na Julai, jiko linapoingizwa chumbani kuota moto. Ndoo ya maji kando ya jiko haisaidii, maana gesi hii haiyeyuki vya kutosha majini. Dirisha lililofunguliwa nusu linapunguza hatari bila kuiondoa. Jiko linabaki nje, basi. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje penye hewa safi kwanza, mengine baadaye, na hospitali apelekwe hata akizinduka.

"Gesi ya mtungi ni ile ya Mtwara"

Gesi asilia ya Songo Songo, inayovunwa tangu 2004, na ya Mnazi Bay, huko Mtwara, ni methani kwa sehemu kubwa, na husafiri kwa bomba kwenda kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Ya mtungini ni propani na butani, huja nchini kwa meli. Tofauti hii ina kazi jikoni. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Gesi ya mtungi ni nzito, hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikajikusanya mvunguni na kwenye mifereji. Kwa hiyo ukisikia harufu (ambayo imetiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki) fungua mlango na ufagie hewa ya chini kuelekea nje kwa ufagio au kanga, funga mtungi, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche hutoka kote kuwili. Pa kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye regulata na kwenye mpira. Anayetafuta kwa kiberiti ataipata.

Ndani ya mtungi kuna kimiminika, si hewa. Ndiyo maana mtungi unatoka jasho ukipika muda mrefu: kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto, ukuta unapoa, unyevu wa hewa unageuka matone juu yake. Jasho si dalili ya kwisha. Kumimina maji ya uvuguvugu ubavuni kisha kupapasa hukuonyesha kina, kwani pale panapobaki baridi ndipo kimiminika kilipofika, ila mzani ni bora: toa uzito wa mtungi mtupu uliochongwa juu yake, kinachobaki ndicho ulichonacho. Kuulaza "umalizie" ni kupeleka kimiminika kwenye regulata, na moto utakaotoka si wa kupikia.

"Mtambo unatoa megawati 68 kwa siku"

Megawati tayari ni mwendo, kama kilomita kwa saa. Haihitaji "kwa siku" nyuma yake. Mtambo wa umeme wa maji wa New Pangani Falls, wa 1995, una uwezo wa megawati 68, maana yake ukiwaka wote kwa saa moja umetoa uniti 68,000. Hale, wa miaka ya 1960, ni megawati 21. Nyumbani ni vivyo hivyo: wati zidisha kwa saa, gawa kwa 1,000, upate uniti za LUKU, mita ya kulipia umeme kabla. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa ni uniti 0.6. Taa ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 66 kwa kiasi hicho. Anayezima taa moja huku anapiga pasi shati moja moja kila asubuhi, akisubiri ipate moto upya kila mara, anabana pasipostahili.

Wapo pia wanaodhani mtambo huyachosha maji. Maji yaliyopita Hale huendelea kushuka na kuzungusha mitambo ya New Pangani Falls, mto uleule. Kilichochukuliwa ni kushuka kwake: tani moja ya maji ikianguka mita 100 ina nishati kama ya robo ya uniti. Lawama halali ipo, ila ni ya kuzuia maji na kuyatumia kabla hayajafika mdomoni mwa mto. Matope ya rutuba hutuama bwawani, na mtiririko ukipungua chumvi ya bahari hupanda mtoni kutokea Pangani.

"Feni inapoza chumba"

Haipozi. Feni ya wati 60 inaongeza chumbani wati 60 za joto. Inachofanya ni kukausha jasho mwilini, jambo ambalo kwa unyevu wa Tanga lina thamani yake, lakini panapokuwa na mtu tu. Kuiacha ikizunguka mchana kutwa "ili chumba kikae baridi" ni kupasha kuta, na kulifungua friji kwa ajili hiyo ni kubaya zaidi: joto linalotolewa ndani hutokea nyuma, pamoja na la mota.