Cheti cha Tabia Njema cha Mlezi: Kihuishwe Lini, na Nini Hukikwamisha

Katika deikea, iwe ya Sakina Arusha au ya Pasua Moshi, cheti cha polisi cha tabia njema mara nyingi huombwa siku ya kuajiriwa tu, kisha hulala kwenye faili miaka nenda miaka rudi. Wakati huo cheti kinaongelea yaliyopita peke yake: hadi tarehe kilipotolewa, mwenye alama za vidole hizi, zilizochukuliwa polisi, hakuonekana kwenye kumbukumbu za waliotiwa hatiani. Akihukumiwa mwezi unaofuata, karatasi iliyo kabatini haibadiliki.

Kihuishwe kila baada ya muda gani? Marekani, sheria ya shirikisho ya 2014 inataka wafanyakazi wa malezi ya watoto wachunguzwe upya angalau kila miaka 5. Uingereza cheti hakina tarehe ya kwisha. Mwajiri ndiye hupanga. Sisi tunaona miaka 5 ni mingi. Mtoto huingia kituoni akiwa na miaka 2 na kutoka akiwa na 5, kwa hiyo malezi yake yote yangepita chini ya cheti kimoja. Tunashauri miaka 2, na cheti kipya kwa yeyote aliyeondoka zaidi ya miezi 3 kisha akarudi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu akitaka muda mfupi zaidi, fuateni wake.

Kituo kiwe na daftari lenye jina, kazi, tarehe ya cheti na tarehe ya kuanza kuhuisha, ambayo iwe miezi 3 kabla cheti hakijatimiza miaka 2. Waandikwe wote wanaowafikia watoto: mpishi, mlinzi, dereva wa gari la watoto, hata ndugu wa mwenye kituo anayeishi uani. Tarehe zipishane, msije mkawapeleka wote polisi wiki moja na watoto wakabaki na mtu mmoja.

Kabla ya kwenda polisi kuomba cheti, linganisheni majina. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisipolingana na cheti cha kuzaliwa, au jina la ndoa likitokea kwenye hati moja tu, anzeni na marekebisho NIDA au hati ya kiapo.

Kinachosumbua zaidi ni alama za vidole zenyewe. Mlezi anayefua nepi na kuosha vyombo kutwa kwa sabuni na jiki, ncha za vidole vyake hulika na mistari ikafifia. Juni na Julai, baridi ya Arusha inapopasua ngozi, hali huwa mbaya zaidi. Wiki 2 kabla, avae glavu anapofua na apake mafuta ya mgando kila usiku. Asubuhi ya siku yenyewe asipake kitu, maana mafuta huzuia wino kushika. Vidole vyote 10 huviringishwa kimoja kimoja, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili: dole gumba kuelekea mwilini, vingine kutoka mwilini. Anayechukua alama ndiye anayeviringisha. Mwenye mkono aulegeze tu, kwa kuwa akisaidia kusukuma kidole huteleza na mistari huvurugika. Baadaye vidole 4 hubonyezwa kwa pamoja ili kuhakiki kwamba kila kimoja kimeingia kwenye kisanduku chake. Wino ukizidi, nafasi kati ya mistari huziba na alama hugeuka doa jeusi, lisilolinganishwa na chochote. Tazameni fomu kabla ya kuondoka, mistari ionekane kwa jicho. Mwenye jeraha kidoleni asubiri lipone. Kidole kilichokatika kiandikwe hivyo, kisiachwe wazi.

Kumbukumbu za Tanzania hazisemi aliyoyafanya mtu ng'ambo ya mpaka. Aliyeishi Kenya, kwa kupitia Namanga au Holili, aombe pia cheti cha huko, kinachotolewa na idara ya upelelezi wa jinai. Wageni wanaokuja kujitolea walete cha nchi yao kabla ya kukutana na watoto, si wiki ya tatu.

Wala cheti safi hakifungi mjadala. Shauri lililomalizwa ndani ya ukoo, hata kama lilisuluhishwa kwa heshima zote za masale, mmea wa Wachagga wa kuombea msamaha, polisi halikufika, na cheti hakilijui. Kila mnapohuisha, mpigieni simu mwajiri wa zamani mumuulize swali moja: ungemruhusu tena akae peke yake na watoto? Akisita, ulizeni kwa nini. Palipo na dalili ya mtoto kudhuriwa, msisubiri cheti: pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Nakala zifungiwe kabatini, ufunguo abaki nao mkuu wa kituo. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kwa nia njema, kunakwenda kinyume na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mzazi akiuliza, aambiwe tarehe ya cheti.

Mwenye cheti kilichopitwa na wakati, huku kipya kikisubiriwa, aendelee na kazi akiwa na mwenzake mwenye cheti hai. Asipeleke mtoto chooni peke yake, asibadilishe nepi mlango umefungwa, wala asibaki na wa mwisho kuchukuliwa jioni.