Usugu wa insulini, na kwa nini mazoezi humsaidia msichana hata kabla hajapungua

Usugu wa insulini ni hali ambayo misuli, ini na tishu za mafuta haziitikii ipasavyo insulini, homoni inayowezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Kwa miaka kadhaa sukari inaweza kupimwa na kuonekana ya kawaida; kongosho ikielemewa, kisukari cha aina ya 2 huanza.

Kwa msichana mwenye uzito uliozidi kuna jambo jingine. Insulini ikiwa nyingi mno kwenye damu huweza kuchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Hedhi huvurugika, chunusi hukithiri, nywele huota kidevuni, mayai hayapevuki kwa wakati. Wengi huambiwa tu "punguza uzito" na kurudishwa nyumbani. Inaniumiza, maana hapo hunyimwa habari njema kuliko zote: mazoezi huanza kuusaidia mwili hata kabla mizani haijasogea.

Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kwa njia yake wenyewe, bila kungoja insulini. Zoezi likiisha, misuli huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi tatu hivi, kisha nafuu hiyo hufifia. Kwa hiyo kujichosha Jumamosi moja na kupumzika wiki nzima hakutoshi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 inataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, yale ambayo unaweza kuongea ukiyafanya lakini huwezi kuimba. Inataka pia mazoezi ya nguvu, yaani ya kuimarisha misuli, siku 2 au zaidi kwa wiki. Haya ya nguvu wasichana wengi huyaruka, ilhali misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula.

Mafuta yanayozunguka ini na utumbo nayo hupungua, wakati mwingine uzito ukiwa uleule. Hivyo pima kiuno pia. Kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kikizidi sentimita 80.

Hedhi ikikosekana miezi 3 mfululizo, muone daktari hata kama unafanya mazoezi. Ujauzito, au hitilafu ya tezi ya thairoidi, huweza kuleta dalili hiyohiyo.