Kushuka mteremko na nyutro kweli kunaokoa mafuta?

Wengi tunaoendesha kwenda kazini tumefundishwa hivi: ukifika mteremko, mfano unatoka Chimwaga kushuka Dodoma mjini, weka nyutro gari lijiendee, mafuta yatabaki. Na enzi za kabureta (kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, bila kompyuta) ilikuwa na mantiki, maana injini ilikuwa inaendelea kunywa hata ukiachia mguu.

Sasa gari nyingi za leo ni EFI, mafuta yanapimwa na kompyuta. Ukiachia eksileta gari likiwa kwenye gia na mwendo umechanganya, kompyuta inakata mafuta, kinachozungusha injini ni matairi yenyewe. Ukiweka nyutro matairi hayaizungushi tena, kwa hiyo lazima inywe kidogo kidogo isizime. Na kuna hili ambalo kwangu ni zito kuliko mafuta: kwenye nyutro injini haikusaidii kuzuia gari, mzigo wote unabaki kwa breki, na mteremko mrefu kama Sekenke kule Singida breki zikipata moto sana zinaacha kushika, tafadhali hasa nyie mnaobeba abiria. Kuzima injini kabisa ndo hatari zaidi, usukani unakuwa mgumu na breki pia.

Kuhakikisha si kazi. Kama dashibodi yako inaonyesha ulaji wa mafuta wa papo hapo, tafuta barabara tulivu, achia eksileta ukiwa kwenye gia, aliyekaa pembeni asome. Kama haionyeshi, fundi mwenye mashine ya kupima gari anaweza kukuonyesha mafuta yanavyokatika.