“Fundi, gari limeisha nguvu”: uongo wa matairi makubwa kwenye pikapu

“Matairi hayahusiani na nguvu ya injini.” Hii ndiyo inayonichosha. Pikapu inaletwa, mwenyewe anataka nozeli (zinazopulizia mafuta ndani ya injini) zipimwe na turbo ikaguliwe. Wengine wameshabadilisha hadi klachi huko walikotoka. Nikiinama tu naona: ilitoka kiwandani na matairi ya 265/70R16 (upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 16), sasa imevaa 285/75R16. Ukimwambia shida ni hiyo, anakutazama kama unamficha ugonjwa.

Haya, tupige hesabu. Kipenyo cha tairi la kwanza ni takriban milimita 777, cha pili 834. Ongezeko ni asilimia 7 na kidogo. Injini haijapungua hata chembe, ila kila mzunguko wa ekseli sasa unatakiwa kulipeleka gari mbali zaidi, kwa hiyo msukumo unaofika ardhini unashuka kwa karibu asilimia 7. Difu ya 3.9, yaani propela inazunguka mara 3.9 ili ekseli izunguke mara moja, inafanya kazi kama ya 3.6. Bado uzito: tairi la namna hii aghalabu huzidi la awali kwa kilo kadhaa, tena uzito wenyewe umekaa ukingoni, ambako ni mgumu zaidi kuuzungusha na kuusimamisha. Ndiyo maana mlima uliokuwa unapanda kwa gia ya nne sasa unadai ya tatu, klachi inanuka ukiondoka na mzigo, na breki unaikanyaga zaidi. Dawa ni kubadilisha kraun na pinioni, yaani zile gia mbili za ndani ya difu, uweke za 4.1 au 4.3, mbele na nyuma kama ni foo-bai-foo (inayovuta kwa matairi yote manne). Nozeli ziacheni zipumzike.

“Raundi za injini zinashuka, basi mafuta yatapungua.” Labda kwenye tambarare, bila upepo wala mzigo. Kwingine utashusha gia na kukanyaga. Lakini kabla hujalalamika kuwa gari linakunywa, zidisha kilomita zako kwa 1.07, maana odomita sasa inahesabu pungufu. Spidomita nayo, kama ilikuwa sahihi, ikisoma 100 wewe uko 107. Sevisi ya kilomita 5,000 unaifanya ukiwa umepita 5,300.

“Gari litainuka sana.” Kwa saizi hizo, milimita 28. Tena hizo zinainua hadi difu, tofauti na springi ndefu, ambazo huinua bodi na chesisi tu; difu ya ekseli ya kipande kimoja inabaki palepale.

“Tairi limeingia, halijagusa.” Limeingia gari likiwa limesimama, usukani umenyooka, nyuma hakuna mzigo! Mimi kabla mteja hajalipa hufunga mawili mbele, napandisha upande mmoja juu ya gogo springi ibonyee, kisha nakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Plastiki ya madigadi, nyuma ya tairi, ndiyo hulia kwanza.

“Tairi pana ndilo la matope.” Tope likiwa na ardhi ngumu chini yake, jembamba hulikata na kuifikia. Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi kwanza, upana baadaye, na ukirudi lami ujaze.

“Spea ile ya zamani itatosha.” Hapana, nunua matano. Foo-bai-foo isiyo na difu ya katikati (inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), ukiiweka 4H, yaani matairi manne yavute kwa gia za kasi, na tairi moja dogo kwenye lami kavu, transifa, ile gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, inajikaza hadi kitu kikatike. Na upime kwanza kama hilo la tano linaenea chini ya bodi, kwa sababu mara nyingi halienei.