Kabla ya kuweka sahihi: yanayoaminiwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Lubumbashi karatasi nyingi husainiwa kwa haraka: juu ya boneti ya gari, kwenye baraza ya mwenye nyumba, au mbele ya meza ya ajira huku wenzako wakikusukuma mgongoni. Haraka hiyo inapata nguvu kwa maneno ambayo watu huyarudia kama sheria, wakati sheria yenyewe haiyatambui. Nitakaa zaidi kwenye lupangu, yaani kiwanja, kwa sababu hapo ndipo familia hupoteza akiba ya miaka mingi kwa asubuhi moja.

"Fishi ina mihuri yote, basi lupangu ni yangu."

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali na hauuzwi. Anachopewa raia ni haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati moja: sertifika ya usajili, inayotolewa na konservateri (msajili) wa hati za ardhi. Fishi, yaani kadi ya kiwanja, ya kartie (mtaa) au ya komini (manispaa), hata ikijaa mihuri, inaonyesha tu kwamba ofisi ile inakujua mahali pale. Vilevile karatasi ya chifu kule pembeni mwa mji, upande wa komini ya Annexe: inaweza kuwa mwanzo wa safari ya kupata hati, lakini hati yenyewe siyo.

Sertifika ina nambari mbili, ya volumu na ya folio. Ziandike, uende mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi inayosimamia eneo lile. Usiende na komisyonere (dalali), na usikubali akuletee jibu. Omba waangalie kwenye daftari: hati iko kwa jina la nani? Imewekwa rehani? Kuna aliyeweka pingamizi? Kisha mlipe fundi wa kadasta (upimaji ardhi) aje kwenye kiwanja, alinganishe vipimo vya kwenye karatasi na mawe ya mipaka. Majirani nao waulizwe, hasa wazee waliokaa avenyu ile muda mrefu, maana wao wanajua kama kuna kesi kabla ya daftari lolote kuijua.

Wauzaji wengine wanaonyesha kontra ya lokasyo (mkataba wa kupangishwa ardhi). Hiyo Serikali huitoa kwa muda usiozidi miaka 3, ili mtu aendeleze kiwanja kabla ya kupewa sertifika. Soma tarehe. Kama miaka imepita na hapajajengwa hata ukuta, unaweza kuwa unalipia haki ambayo muuzaji hana tena.

Na hata muuzaji akiwa mkweli, kuuziana peke yake hakumalizi kazi. Lazima sertifika ya zamani ifutwe na mpya itoke kwa jina lako. Kabla ya hapo daftari bado linamtaja yeye, na akishikwa na tamaa anaweza kumuuzia mtu wa pili, kisha nyote wawili mkutane mahakamani. Kwa hiyo usitoe pesa zote siku ya kusaini. Andikeni kwenye kontra kwamba sehemu ya bei italipwa hati mpya ikitoka, na kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Komisyonere atakwambia, "Yaya, lipa leo, kesho kuna mwingine anakuja na pesa." Mwache huyo mwingine aje. Lupangu inayoshindwa kungoja siku chache za ukaguzi usiiguse.

"Baba ndiye kichwa cha nyumba, sahihi yake inatosha."

Kodi ya Familia (kitabu cha sheria za familia) ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mikataba mingi, na watu bado wanaongea kana kwamba tuko mwaka ule. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo na kuweka makubaliano ya wote wawili. Kuuza nyumba au lupangu kunahitaji kauli ya mume na mke. Ukinunua, mwombe mama wa nyumba aje mezani, asome, na aweke sahihi yake mwenyewe. Ukiambiwa "yuko safarini, hana shida", ngoja arudi.

Mali ya marehemu inataka uangalifu zaidi. Mjomba au kaka mkubwa husimama mbele na kusema familia imemtuma. Kisheria watoto ndio warithi wa kwanza, nao hupata robo tatu ya mirathi. Humo wamo watoto wa nje ya ndoa ambao marehemu aliwatambua akiwa hai, na wale aliowalea kisheria. Binti mmoja aliyesahauliwa Likasi au Kolwezi anaweza kuja kudai baada ya wewe kuezeka. Taka orodha ya warithi wote, sahihi zao, na karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi.

"Garanti ni bei ya mwenye nyumba, hakuna wa kumpangia."

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inaweka kikomo: kwa nyumba ya kuishi, garanti (pesa ya dhamana anayowekewa mwenye nyumba) isizidi kodi ya miezi 3. Wengi wanadaiwa miezi 6 na wanatoa kwa sababu watoto wanahitaji pa kulala, na siwezi kuwalaumu. Lakini dai risiti inayotenganisha garanti na kodi ya mwezi wa kwanza. Halafu, kabla ya kuingiza hata godoro, pitieni nyumba chumba kwa chumba na muandike mnachokiona: bomba la jikoni linavuja, dari ya saluni (sebule) ina doa la maji, kioo kimoja kimepasuka, mita ya umeme inasoma namba fulani. Ombeni fakturi za mwisho za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji). Karatasi hiyo ikikosekana, siku ya kuondoka kila ufa utakuwa wako na garanti itaishia kwenye rangi na saruji.

"Mimi ni shahidi tu."

Kwenye karatasi ya mkopo, soma cheo kilichoandikwa juu ya jina lako. Shahidi anathibitisha alichokiona. Mdhamini analipa, na akiwa mdhamini wa pamoja mkopeshaji anaweza kumfuata yeye bila kuanza na aliyekopa. Heshima kwa shemeji isikufanye uruke mstari huo.

"Kifaransa sikielewi, kwa hiyo hawawezi kunishika."

Wanaweza. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ndiyo msingi wa mikataba nchini, inasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Inalinda aliyekosea kwa dhati, aliyetishwa, au aliyedanganywa kwa hila, ila yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha hayo mbele ya hakimu. Inaniuma kuona mama mzima akinakili *lu et approuvé* ("nimesoma na kukubali") herufi kwa herufi kutoka kwenye kikaratasi alichopewa, chini ya kurasa ambazo hakuna aliyemsomea. Karatasi ipigwe picha kwa simu, iende nyumbani, isomwe kwa Kiswahili na mtu asiye na faida katika biashara ile. Nafasi tupu zipigwe mstari, kila ukurasa utiwe parafe (sahihi fupi), na uondoke na nakala yenye sahihi za pande zote.

"Bila kontra ya maandishi mimi si mfanyakazi."

Dhana hii inawafurahisha waajiri wabaya, hasa kwenye kampuni ndogo zinazopeleka watu migodini. Kodi ya Kazi (kitabu cha sheria za kazi) ya 2002 inasema kinyume: kazi isiyoandikwa huhesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Kontra ya muda maalumu haipiti miaka 2, na kwa kawaida hurudiwa mara moja tu. Majaribio lazima yaandikwe. Hayazidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Ukiletewa karatasi ya majaribio kwa mara ya tatu, chukua nakala zako zote uende kwa mkaguzi wa kazi kabla ya kushika kalamu.