Kabla ya Kulipa Karo, Uliza Nani Atakayemtahini Mwanao

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, Kisumu hujaa mabango. Ukishuka matatu pale stendi kuu, hujavuka barabara umeshakabidhiwa karatasi mbili tatu: kozi za afya, kozi za kompyuta, kozi za urembo, nafasi chache zimebaki, jiandikishe leo upunguziwe. Nakuru ni hivyo hivyo, Kakamega vilevile. Mzazi aliyetoka Ahero au Mumias na pesa za ng'ombe aliyeuzwa juzi huwa na haraka, maana anahofia kijana akikaa nyumbani mwaka mzima ataharibika.

Sisi tunaotoa ushauri wa masomo katika vyuo vya ufundi tunakutana na wazazi hawa kwa nyakati mbili. Wapo wanaokuja kabla ya kulipa, na wapo wanaokuja miaka miwili baadaye, pesa zimekwisha na mtoto hana cheti. Haya nayaandika kwa ajili ya wale wa kwanza.

Swali ambalo karibu kila mzazi hutanguliza ni karo. La pili, mahali pa kulala. Ni maswali ya haki, ila yamewahi mno. Anza na kazi yenyewe, kisha urudi nyuma. Je, kazi hiyo inahitaji leseni, na ni nani anayeitoa? Huyo anayetoa leseni anakubali cheti cha nani? Mtihani wa cheti hicho unatungwa na nani? Chuo kilichokuandikia barua kina idhini ya kumwandaa mtu kwa mtihani huo? Ukishajibiwa hayo manne kwa maandishi, ndipo uulize bei.

Nitakaa kidogo kwenye kozi za afya, kwa sababu hizo ndizo zinazowaumiza watu wengi huku kwetu. Wauguzi wako chini ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Matabibu, wale tunaowaita maafisa wa kliniki, wana baraza lao. Mafundi wa maabara wana bodi yao, na wanaosomea dawa wako chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali, cheti cha TVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi, kikiwa kimetundikwa ukutani, na bado kisiwe na ruhusa ya bodi kufundisha famasia. Idhini ya chuo na idhini ya kozi ni vitu viwili, na hapo ndipo watu wanaponaswa.

Kuna barua moja ya kujiunga niliyowahi kuonyeshwa na mama mmoja. Nembo tatu juu, muhuri wa zambarau chini, na katikati, kwa herufi ndogo, sentensi moja kwamba taratibu za kuidhinishwa kwa kozi zinaendelea. Binti yake alikuwa amefika muhula wa nne. Nilimuuliza nambari yake ya indeksi, akasema hajawahi kuisikia. Mwanafunzi wa uuguzi, wa kliniki au wa famasia husajiliwa na bodi ya taaluma yake akiwa bado chuoni, naye hupewa nambari hiyo. Bila nambari hakuna mtihani wa bodi, na bila mtihani wa bodi hakuna leseni, hata kama alikuwa wa kwanza darasani mihula yote minne. Kwa hiyo swali la kumuuliza msajili wa chuo ni hili: indeksi hutolewa lini, na naweza kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye nayo? Chuo kisicho na la kuficha hujibu papo hapo.

Tena, bodi hizi hazitazami gredi ya jumla peke yake. Zinatazama Biolojia, Kemia, Kiingereza au Kiswahili, kila somo na kiwango chake. Kuna vyuo vitakavyompokea kijana mwenye D katika Biolojia vikijua wazi kuwa bodi haitamwandikisha. Hilo kwangu ni wizi, na sioni sababu ya kulipaka rangi.

Kwa kozi nyingine zote za ufundi, kazi ni rahisi zaidi. Sheria ya 2013 iliipa TVETA jukumu la kusajili vyuo vya ufundi na kuidhinisha kozi, na orodha iko kwenye tovuti yake. Huhitaji wakala wa kukutafutia. Kisha uliza mtihani. Mitihani ya ufundi inayotambulika sana nchini hutoka kwa KNEC, baraza la mitihani la kitaifa, au kwa TVET CDACC, baraza la mitaala na tathmini ya ufundi, na ile ya kupima mikono ya fundi hutoka NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo hutoa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Ukiambiwa chuo kinatahini chenyewe na kutoa cheti chake, uliza cheti hicho kiko ngazi gani katika mfumo wa kitaifa wa vyeti unaosimamiwa na mamlaka iitwayo KNQA. Diploma ni ngazi ya 6, nayo kwa kawaida huhitaji C-. Cheti ni ngazi ya 5, kwa mwenye D. Mwenye D- au E huanza ngazi ya 4 na kupanda kutoka hapo.

Huko kupanda ni kwa kweli. Wazazi wengi humchukulia mtoto aliyekosa C+, gredi inayofungua mlango wa digrii, kama aliyefeli maisha, kisha wanatumia pesa nyingi kumtafutia kozi yenye jina kubwa ili majirani wasiseme. Wakati huohuo KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, inawapeleka wanafunzi katika vyuo vya umma kama Kisumu National Polytechnic, Sigalagala kule Kakamega na Rift Valley National Polytechnic kule Nakuru, iliyokuwa ikiitwa RVIST, na waliopelekwa huko wanaweza kuomba mkopo na ufadhili wa serikali. Angalia tu jambo moja: kupata nafasi kupitia KUCCPS si kupata ufadhili. Ombi la pesa hufanywa kivyake, na kila mwaka wapo wanaoripoti chuoni wakidhani moja limebeba lingine.

Ukishapata jina la chuo, kitembelee siku ya kawaida ya masomo, wala usingoje siku ya wageni. Pita ofisini kwa adabu, kisha uombe kuiona karakana. Kama ni ya kuchomelea vyuma, tazama sakafu. Je, kuna vipande vya vijiti vilivyotumika, magamba ya chuma, madoa ya moto? Au mashine bado zina plastiki ya dukani? Hesabu mashine, uhesabu na vijana. Wanaochomelea mabomba ya mvuke Olkaria, kule Naivasha, hawakujifunza ubaoni. Fundi wa umeme naye atahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na huko ataulizwa cheti chake pamoja na kazi alizowahi kuzifanya.

Kwa walio na watoto wadogo zaidi, uamuzi huu sasa huanza mapema kuliko zamani. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Anayeingia STEM husoma hisabati kamili, wengine husoma hisabati iliyopunguzwa. Mtoto anayesema anataka kuwa muuguzi na ameelekezwa kwenye mkondo usio na Biolojia wala Kemia anahitaji mtu mzima wa kukaa naye sasa, kabla masomo hayajashika kasi. Uliza pia kama shule aliyoitwa inafundisha masomo matatu aliyoyachagua. Si kila shule inafundisha kila kitu.

Hapa ndipo tuisheni inapoingia, na wazazi wa mijini hutumia pesa nyingi huku kuliko wanavyokiri. Kwanza sheria: kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shule ikikutoza pesa za tuisheni ya Agosti, una haki ya kukataa.

Kumtafutia mtoto msaada wa jioni ni jambo jingine, na linaweza kufaa sana iwapo unajua tatizo liko wapi. Usimwambie mwalimu wa tuisheni kwamba mtoto ni dhaifu wa hesabu. Chukua karatasi yake ya mtihani, mkae mezani, mtafute kosa linalojirudia. Tuseme ameandika 3/4 + 1/6 = 4/10. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Hajaelewa kwamba robo na sudusi hazijumlishwi mpaka zikatwe vipande vya ukubwa mmoja: 9/12 na 2/12, jumla 11/12. Mtoto huyu akipelekwa mbio kwenye aljebra ataanguka kila mara sehemu zinapotokea, na zinatokea kila mahali. Anahitaji mtu wa kumrudisha Gredi ya 5 kwa wiki chache bila kumwaibisha. Mwalimu anayekuuliza daftari la mtoto kabla ya kutaja bei, huyo mshike. Anayekuahidi gredi A, mshukuru na umuage.

Kuhusu mafunzo yanayouzwa pamoja na kazi ya ng'ambo, ambayo siku hizi yametapakaa Nakuru na Kisumu: wakala wa kazi lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao unaweza kuikagua. Ahadi ya kwamba miezi mitatu ya Kijerumani inamtosha muuguzi kufanya kazi Ujerumani si ya kweli. Kwa kawaida huko hutakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2, na kukifikia ni kazi ndefu.

Na kama tayari umelipa na majibu hayaridhishi, usiendelee kulipa kwa kuwa tu ulishaanza. Omba chuo kwa maandishi hati ya alama za kila muhula uliosomwa. Andikia bodi husika uulize hali ya kozi, kisha uende chuo cha umma ukaulize kama kuna masomo watakayoyakubali ili kijana asirudie yote. Aliyekwisha kujua kazi kwa mikono, iwe gereji ya Kondele au kwa fundi wa mtaani, anaweza kujiandikisha kwa mtihani wa NITA bila kurudi darasani kwanza. Ofisi za ushauri katika vyuo vya umma hazitozi pesa kwa mazungumzo haya. Njoo na kijana mwenyewe, kwa sababu yapo mambo ambayo ni yeye tu anayeweza kuyajibu.