Alfajiri ya McBey: hapo kalamu haijagusa karatasi

Watu wakifika mbele ya Dawn: The Camel Patrol Setting Out (yaani Alfajiri: Doria ya Ngamia Ikiondoka), picha ya Mskoti James McBey, wengi wanasema aah, mchoro wa kalamu huo, wanasonga mbele. Mi kazi yangu ni chapa za karatasi kwahiyo nawarudisha, jamani simameni kidogo, hapo kalamu haijagusa kitu zaidi ya saini.

Hii ni echingi. Unachukua bamba la shaba unalipaka nta nyembamba, unachora na sindano, nta ikitoka shaba inabaki wazi, alafu bamba linaingia kwenye asidi na asidi inakula pale palipochorwa tu. Ukitaka mstari hafifu unalitoa mapema, unauziba mstari huo kwa vanishi, unalirudisha ili mingine iendelee kuliwa, yaani giza na mwanga unavipima kwa muda sio kwa kukandamiza mkono. Baadae ndo kupaka wino, kuufuta juu ya bamba ubaki ndani ya mistari tu, karatasi yenye unyevu na presi, mashine ya kubana. Picha inatoka imegeuka kulia kushoto, so msanii anachora huku akifikiria kinyume.

James McBey aliitoa hii 1919, kutokana na michoro aliyochora Sinai 1917 akiwa msanii rasmi wa Uingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, alipoenda jangwani na doria ya wapanda ngamia wa Australia. Na ukiangalia vizuri mistari ni michache mno! Ngamia na watu wao basi, jangwa kaliacha tupu, na ule mwanga wote wa alfajiri unaousifia ni karatasi yenyewe. Wenzake wengi wangejaza vistari kila kona, na kwangu mimi kujizuia kule ndo ufundi wenyewe.

Tena huyu hakusomea kivile, alikua karani wa benki Aberdeen kule Scotland, akajifunza echingi kwenye kitabu cha maktaba na chapa zake za mwanzo akazibana kwa mashine ya kukamulia nguo. Benki aliiacha 1910. Miaka ya 1920 matajiri waligombania kazi zake kwa bei za ajabu, ilipofika 1929 uchumi ukaanguka na soko la echingi likaanguka nalo.

Ukikutana na echingi ya zama hizo usianze na saini, tafuta kwanza alama ya bamba, ule mbonyeo unaozunguka picha, alafu mulika taa kwa pembeni uone wino umeinuka kidogo juu ya karatasi. Kopi ya kamera kwa kawaida imelala flati, hata kama kuna mjanja kaibonyeza pembeni.